Kabla ya Kutembea, Tuzungumze Habari ya Mkojo

Kila inapotoka habari kwamba mtu aliyepooza kasimama na kutembea huko Uswisi, simu yangu haipumziki. Video ileile inaletwa na shemeji, na jirani, na mtu niliyesoma naye ambaye hatujasalimiana tangu mwaka juzi. "Umeiona hii? Mungu mkubwa." Nimeiona. Timu ya Grégoire Courtine na daktari mpasuaji Jocelyne Bloch, kule Lausanne, ilionyesha mwaka 2018 kwamba umeme ukipelekwa kwenye uti wa mgongo, chini ya pale palipoumia, baadhi ya watu wanaweza kupiga hatua tena. Mwaka 2023 wakaunganisha kifaa hicho na ubongo, mtu akiwaza kunyanyua mguu, unanyanyuka. Kazi kubwa, hongera zao.

Ila kuna dhana imejengeka, kwa waandishi wa habari na kwa wafadhili pia, kwamba sisi tuliovunjika uti tunangoja kitu kimoja tu, kutembea. Mtafiti Kim Anderson wa Marekani, ambaye mwenyewe ana jeraha la uti wa mgongo, aliona bora awaulize wahusika. Mwaka 2004 alichapisha majibu ya watu 681. Waliopooza mikono na miguu, karibu nusu yao walitaka kwanza mikono. Kwa waliopooza miguu, jibu lililoongoza lilikuwa tendo la ndoa. Kibofu na choo vilipewa uzito na makundi yote mawili. Kutembea hakukushika namba moja kwa kundi lolote.

Tendo la ndoa! Nenda kliniki za huku kwetu uone nani atakuuliza. Ukiuliza wewe, nesi anageuza uso, au unaambiwa ushukuru uko hai.

Tuje kwenye mkojo. Uti ukiumia, kibofu kinajaa bila mwenyewe kujua, mkojo unaweza kurudi juu hadi kwenye figo, na figo zimeua wenzetu wengi waliokwisha kunusurika ajali zenyewe. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujiwekea mwenyewe mpira mwembamba wa kutolea mkojo (katheta) mara kadhaa kwa siku, akautoa, na kwamba mikono safi inatosha. Si lazima vifaa vichemshwe kama vya chumba cha upasuaji. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kilichoachwa kijae kupita kiasi ndicho kinachoshambuliwa na vijidudu. Kwangu mimi huo ndio utafiti mkubwa kuliko wote.

Nyumbani mambo ni haya: nanawa, napaka jeli, nasukuma mpira taratibu mpaka mkojo uanze kuingia kwenye kopo. Mkojo ukikatika, mpira siuchomoi wote. Navuta kidogo, nangoja, maana kuna mwingine hubaki chini. Kisha mpira nauosha kwa sabuni na kuuanika kwenye kitambaa safi. Pakiti imeandikwa utumike mara moja tu. Aliyeandika hakuwahi kusimama kwenye duka la dawa la mtaani kwetu na kuulizia bei ya pakiti ya mwezi mzima.

Rafiki yangu aliyevunjika shingo alipelekwa zahanati moja kichwa kinampasuka, uso umemwiva, jasho linamtiririka. Akapimwa malaria, akalazwa chali, akatundikiwa dripu. Mama yake ndiye aliyefunua shuka akakuta mpira wa mkojo umejikunja chini ya paja. Alipounyoosha mfuko ulijaa, na kichwa kikaanza kutulia. Aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya kifua, kibofu kikijaa hivyo, presha inaweza kupanda ghafla hadi kumletea kiharusi. Anatakiwa akalishwe, nguo zilegezwe, mkojo uangaliwe kabla ya kitu kingine chochote. Kumlaza chali ni kuzidisha. Maelezo hayo yanatosha kwenye karatasi moja ya kubandika ukutani, na utafiti wake ulifanyika zamani sana.

Habari ya vidonda vya mgandamizo, vile vinavyotokana na kulala au kukaa mkao mmoja muda mrefu, ni hiyohiyo. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua wodi yake ya walioumia uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Huku anayegeuza ni ndugu aliyelala sakafuni pembeni ya kitanda, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha.

Sitaki mtu adhani nachukia vifaa vya umeme. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya majaribio ya watu 60 waliopooza mikono, waliowekewa umeme juu ya ngozi ya shingo, bila kupasuliwa, huku wakifanya mazoezi. Asilimia 72 walipata nafuu ya nguvu na ya matumizi ya mikono. Mikono, kama wale wa Anderson walivyoomba miaka 20 nyuma! Video ya hiyo hakuna shemeji aliyenitumia.

Kwa hiyo watafiti wetu wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wa KCMC, hospitali ya rufaa kule Moshi, na wa hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo pale Nairobi, mkikaa kuandika maombi ya fedha, tuiteni mezani maswali yakiwa bado hayajaandikwa. Mpira mmoja unaoshwa mara ngapi kabla haujaanza kuleta maambukizi ya njia ya mkojo (UTI)? Mto wa sponji aliokata fundi makochi unalinda makalio kwa muda gani, ukilinganishwa na ule wa kuagiza? Ndugu afundishwe nini wodini, na nani ahakikishe ameelewa kabla mgonjwa hajaruhusiwa? KCMC wamekwisha kuandika jinsi watu wa Kilimanjaro wanavyoumia, kwa kuanguka na kwa ajali za barabarani. Sasa wawafuate haohao majumbani, wahesabu nani bado yu hai na aliyekufa alikufa na nini.