Jogoo wa Bure, Bati 20

Jamani, mkeo akikwambia "twende wiki moja tu tukasalimie ndugu na kumshukuru Mungu", usikimbilie kuitikia amina. Muulize kwanza: tunamshukuru mara ngapi, na makanisa mangapi?

Mimi sikuuliza. Mama Neema alinivizia jioni nimeshiba, miguu iko kwenye stuli. "Baba Neema, mwezi wa sita tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Hata wasimamizi wetu hatujawahi kwenda kuwashukuru." Nikaona ana hoja. Nikapiga hesabu ya mafuta ya IST yetu kutoka Dar mpaka kwao Tukuyu, kwenda na kurudi, nikaongeza maji ya kunywa na mahindi ya kuchoma. Hesabu ikatulia vizuri kabisa. Siku mbili baadaye nikaona kanunua bunda la bahasha nyeupe. Nikadhani ni za kazini kwake.

Kwenye kupakia ndipo nilipoanza kuguna. Sukari, sabuni za miche, vitenge vya wakwe, na juu yake gunia la mchele. Nikamwambia, mama, mchele huu umeandikwa Kyela. Umelimwa Kyela, ukapanda lori mpaka Dar, tukaununua bei ya Dar, na sasa tunaupeleka Tukuyu, jirani na Kyela. Akanijibu kwamba kwenda kwao mikono mitupu haiwezekani. Nikapakia. Buti ikafungwa kwa kukaliwa.

Morogoro tuliingia Ijumaa jioni kwa dada yangu. Dada ni mlokole wa kweli, si wa Jumapili. Nikaoga, nikala wali na maharage, nikaanza kuangalia kitanda kwa mahaba. Dada akasema, "Kaka, mmekuja siku njema, leo tuna mkesha." Nikamtazama mke wangu aniokoe. Mke wangu alishafunga kilemba. Nimeimba, nimepiga makofi, nimekemea vitu ambavyo hata sivijui, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Sadaka mbili. Bahasha ya kwanza ikatoka kwenye mkoba na mimi ndipo nikaelewa lile bunda lilikuwa la nini.

Sasa niambie, mtu aliyekesha akikemea, anavukaje mbuga ya Mikumi asubuhi? Barabara inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50, pembeni vibao vya faini ya kugonga mnyama, na mimi kila kisiki nakiona nyani. Mama Neema anaimba pambio na kupiga picha twiga. Tulipotoka hifadhini nikasahau kwamba hatari kubwa zaidi huwa inakaa chini ya mwembe na tochi mkononi.

"Mzee, shikamoo. Hapa ni 50, ulikuwa 63."

Mke wangu akainama dirishani kwa sauti ya kwaya: "Mwanangu, tunakwenda kumshukuru Mungu, tumetimiza miaka 20 ya ndoa."

Askari akatabasamu kwa heshima zote. "Hongereni sana, mama. Mshukuruni sana." Akaniandikia elfu 30.

Kitonga sitaisimulia. Mwenye gari dogo lenye gunia la mchele, aliyewahi kuupanda ule mlima nyuma ya lori la Kongo linalotambaa, anajua. Mama Neema alikuwa anasali kafumba macho. Mimi nilitamani kufumba pia, ila kuna mtu lazima aangalie kona.

Iringa sasa. Baridi ya mwezi wa sita kule haina utani. Mimi mtu wa Dar nilikwenda na shati la mikono mifupi. Msimamizi wetu wa ndoa, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa, alinivalisha koti lake, likanipwaya mpaka magotini, na ndivyo nilivyoingia usharikani Jumapili. Tukakaa nyuma. Nilichagua nyuma makusudi. Yakafika matangazo, nikasikia lile neno ambalo kila msafiri wa Kikristo analiogopa: "Wageni wetu wasimame."

Ukisimama unajitambulisha, ukijitambulisha unatoa salamu, na salamu ikitolewa na Mama Neema inageuka ushuhuda. Alianza na siku tulipokutana. Alipofika kwenye mimi kufukuzwa kazi mwaka wa tatu wa ndoa, watu wote wakageuka kunitazama, nimesimama ndani ya koti la mtu.

Baada ya ibada tukatoka nje kwa mnada. Walutheri wenzangu mnaujua: asiye na fedha kaleta mahindi, mayai, kuku, na washarika wananunua kwa fujo. Nilijikunyata nyuma ya mti wa parachichi, mikono mfukoni, hata pua ikiniwasha sijikuni. Akatolewa jogoo mwekundu, mkubwa, jicho la dharau. Elfu 20. Elfu 30. Nikapumua, maana wanapandishana wenyewe. Ghafla msimamizi wangu akapaza sauti: "Huyu jogoo tumnunulie mgeni wetu!" Vigelegele! Kila mtu akaongeza buku, akaongeza mbili, jogoo akafika elfu 60, nikaletewa mikononi. Bure kabisa!

Nikasema Waswahili wamekosea, vya bure vipo. Nikageuka niondoke. "Mgeni atupe neno la shukrani."

Nilikuwa na jogoo kwapani, watu zaidi ya mia wananitazama, jengo la kanisa jipya nyuma yao limesimama kuta bila paa. Bila paa, ndugu yangu, na mimi mwanamume nimetoka Dar. Unasema nini hapo? Mdomo wangu ukasema, peke yake, "Nami naahidi bati 20." Vigelegele vile viliitikiwa na mbwa wa kijiji cha pili. Mhasibu wa usharika aliandika namba yangu ya simu kabla sijamaliza kutamka "ishirini".

Kutoka hapo tulikuwa watatu garini. Jogoo anawika kila nikikanyaga breki. Mafinga kawika, Makambako kawika, Uyole tulipokata kushoto akanichafulia koti, ambalo hata halikuwa langu.

Tukuyu mvua, migomba, na mama mkwe barazani: "Ugonile, mkwe!" Nikamkabidhi jogoo kwa mikono miwili, moyo mweupe. Akamtazama, akauliza ametoka wapi, Mama Neema akamweleza. Mama mkwe akamrudisha. Jogoo wa kanisani ni baraka ya nyumba yenu, akasema, hachinjwi ugenini. Ila mchele akaupokea, "ndaga fijo", yaani asante sana, akauweka stoo. Juu ya magunia manne ya mchele.

Kule kwao ni Wamoravian. Sisi tunasema usharika, wao ushirika, tofauti ni herufi moja, lakini bahasha ni ileile. Mzee mmoja alipewa nafasi ya kusalimia wageni, akaanza na wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891. Baada ya dakika 40 alikuwa bado 1900. Nikaanza kuhesabu miaka iliyobaki kufika leo, nikaacha.

Tulirudi Dar na mikungu mitatu, parachichi debe zima na jogoo. Anawika saa tisa usiku. Jirani ameacha kunisalimia.

Juzi mhasibu wa Iringa kapiga tena, mara ya nne. "Bwana asifiwe, mzee. Tunakumbushia ile ahadi." Nikawa natafuta lugha ya kumwambia mwezi umekuwa mgumu, yule mnyama akawika dirishani. Mhasibu akanyamaza.

"Huyo si jogoo wetu?"

"Ndiye."

"Hamjamchinja?"

"Mama Neema hataki."

Akafikiri kidogo. "Basi mtumie kwa basi, mzee. Jumapili tunampiga mnada tena. Tutakupunguzia bati mbili."

Mama Neema alikuwa anasikiliza. Ameshatoka kwenda dukani kutafuta boksi, na kabeba na bahasha.