Unapiga Hodi Ukiwa Chumbani

Jamani, mtu akitoka Bagamoyo kuja Dar anaendesha kwa adabu. Njia moja ya kwenda, moja ya kurudi, lori la mchanga mbele, subira tele. Zinga anasubiri, Kerege anasubiri, Mapinga anawasalimia mpaka wauza madafu. Sasa ngoja afike Tegeta, barabara ifunguke njia mbili kila upande! Mashetani yanampanda. Kulia, kushoto, kulia tena, mpaka abiria wa siti ya nyuma wanaanza kutajiana madeni. Na akifika taa za Mwenge, kile kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, alichokiacha Tegeta kipo ubavuni mwake, dereva anatafuna karanga.

Sipingi mtu kuhama njia. Ninachogomba ni namna.

Indiketa kwanza. Mheshimiwa anaiwasha tairi la mbele likiwa limeshaingia kwa mwenzake. Indiketa ni hodi, bwana: unabisha, unangoja, ukikaribishwa unaingia. Huyu anapiga hodi akiwa chumbani, keshavua na viatu! Tunaomba sekunde 3 tu. Ukiwa mwendo wa 50 kwa saa, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo aliye nyuma anapata kama mita 42 za kukuelewa. Lakini naye huyo wa nyuma! Akiona taa inapepesa, badala ya kulegeza mguu anakanyaga mafuta azibe nafasi, utadhani kiwanja hicho ana hati nacho.

Halafu kuna waliozoea Toyota za Japani, indiketa mkono wa kulia. Siku wakiazima gari la Ulaya, wanataka kuhama njia, wanawasha waipa. Jua la saa saba, kioo kikavu, waipa zinakwaruza kwaa kwaa, na gari linahama hivyohivyo. Na ukisikia indiketa inapepesa mbiombio kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja imekufa. Upande huo hubishi hodi, unajiongelesha mwenyewe.

Vioo vya pembeni navyo watu wamevitega kuangalia mlango wao, sijui wanahofia utaibiwa. Usukani wetu uko kulia: inamisha kichwa mpaka kikaribie dirisha lako, halafu sukuma kioo cha kulia kwa nje mpaka ubavu wa gari ubaki uzi tu. Cha kushoto, inamia katikati ya siti mbili za mbele, fanya vilevile. Hata hapo, kuna pembe kioo hakifiki, na bodaboda wote wa Boko wamehamia humo na familia zao. Kwa hiyo geuza shingo, chungulia begani mara moja, upesi. Kioo cha ndani, cha pembeni, indiketa, shingo, ndipo usukani. Tena usukani kidogo, si wa kusokota ugali, na mguu wa breki utulie, maana aliyekupisha amekupimia kwa mwendo uliokuwa nao.

Kurudi kushoto ndiko kunakonipandisha presha. Mtu kapita pua tu ya daladala, kashachomekea. Ngoja uzione taa zote mbili za mbele za uliyempita kwenye kioo cha ndani, ndipo urudi. Kioo cha pembeni kikiwa na mbinuko kinakuonyesha gari dogo na la mbali kuliko lilivyo, usikiamini peke yake. Lori ndiyo kabisa: usipomwona dereva wake kwenye kioo chake, naye hakuoni, hata ukipiga honi ya harusi.

Watanuaji sitawasemea mengi. Wanapita pembeni kwenye vumbi la waenda kwa miguu, wakifika mbele wanataka kuingizwa, na anayewaingiza ni sisi sisi.

Kivuko cha pundamilia, hapa sitanii. Uko njia ya kulia, gari la kushoto limesimama bila sababu unayoiona. Sababu ipo mbele yake, ina begi la shule, inavuka. Kulipita hapo ndiko kunakoua watoto. Simama.

Mstari mweupe usiokatika haukanyagwi, hata kama kirikuu kimekuudhi.

Na ukishahama, zima hiyo taa! Kuhama njia hakuzungushi usukani vya kutosha kuirudisha indiketa yenyewe, mkono ndio urudishe. Kuna mzee kawasha kulia tangu Tegeta. Afrikana inapepesa. Lugalo inapepesa. Waliotaka kumpita wamekata tamaa, wamejipanga nyuma msururu. Konda kamtolea kichwa dirishani: “Shikamoo mzee wangu, hiyo kulia unakata leo?”

“Marahaba, mwanangu,” na taa inaendelea.