Mchango wa Baba Mueni

Mtu akinenepa Nairobi haulizwi neno. Husemwa kwamba mambo yamemnyookea, mkewe hupongezwa, na kwenye harambee huketishwa safu ya mbele. Akikonda bila kutoa maelezo, mtaa mzima humkalia kikao. Hayo niliyajua tangu zamani, na bado nilipoamua kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito sikumwambia yeyote isipokuwa Mama Mueni, kwa sababu nimeishi Buruburu muda wa kutosha kujua kwamba siri ikimfikia mama mboga asubuhi, hupanda matatu namba 58 hadi mjini na jioni kurudi kwa mwenyewe ikiwa imetiwa chumvi na pilipili. Majirani waliambiwa kwamba nimekwenda Naivasha kwenye semina ya wahasibu.

Nilikuwa na kilo 138, kisukari, na shinikizo la damu. Daktari alinichorea kwenye karatasi jinsi kazi itakavyofanyika: kupitia vitundu vidogo vya tumboni, kwa msaada wa kamera, angetenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo la chakula, isiyozidi yai la kuku kwa ukubwa, kisha aiunganishe na utumbo mwembamba mbele kidogo, ili chakula kipite bila kuligusa tumbo lililobaki wala mwanzo wa utumbo. Tumbo lililobaki halitolewi. Huachwa mle mle ndani, likiendelea kutengeneza maji yake ya kusagia chakula ambacho halitakiona tena maishani. Nilimwuliza kama halitakasirika, naye akaniambia nimwachie yeye hayo, nikatia sahihi.

Ya hospitali hayana urefu, kwani nililala, nikaamka, na kabla hata sijakumbuka jina langu muuguzi alikuwa ameniinua kitandani nizunguke wodi, kwa kuwa damu ya mtu aliyelala tu baada ya upasuaji huweza kuganda miguuni. Kazi ilianza nyumbani. Kwanza ni vya majimaji tu, kisha uji mwepesi na maziwa, kisha vilivyopondwa, kisha vilaini, na chakula kigumu hurudi polepole baada ya wiki kadhaa. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Ukishakula husubiri nusu saa, na hata hapo hupiga funda dogo dogo, si kugugumia. Protini hutangulia, yaani yai, samaki, kuku au maharagwe, na ugali hungoja nafasi ambayo kwa kawaida haipatikani. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na chokaa ni vya maisha yote. Mimi niliyekuwa nikimaliza ugali wa watu watatu nikiwa nimesimama, nilijikuta nikila yai moja la kuchemsha kwa kijiko cha plastiki cha mjukuu wangu, chenye picha ya sungura kwenye mpini, nikianza pamoja na taarifa ya habari ya saa moja na kumaliza wakati wa utabiri wa hali ya hewa. Mjukuu alikuwa akisimama kando ya kiti akinitazama kinywa. Hakuwa na huruma yoyote. Alikuwa akingoja kijiko chake.

Uzito ulianza kushuka, na kwa hakika ulishuka mbio. Sukari ya damu ndiyo iliyotangulia kutulia, jambo ambalo madaktari wanalijua vizuri kuhusu upasuaji wa aina hii. Kisha shingo ikapwaya ndani ya kola, mashavu yakaingia, na karibu mwezi wa nne nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mwili unaopoteza uzito kwa kasi huangusha nywele kwa miezi michache kisha huziotesha tena, hivyo mimi nilikuwa na amani. Kinyozi hakuwa nayo. Alizima redio, akanikata kwa uangalifu ambao sijawahi kuupata kwake, na nilipotoa pesa akanishika mkono akasema, “Mzee, hiyo weka tu.”

Baadaye fundi viatu aliyekuwa akiongeza matundu kwenye mshipi wangu naye akaacha kunitoza. Mama mboga akaanza kunifungia sukuma wiki ya ziada na kunikatia papai bure. Watu waliokuwa wakinisalimu kwa “Habari ya asubuhi” wakahamia kwenye “Pole sana”, nami nikawa naitikia “Asante” kwa adabu, nikidhani ni pole ya kazi. Jirani wa nyumba ya pili alinijia Jumapili moja, akalizunguka gari langu, akalipiga teke dogo gurudumu la nyuma, akaniuliza kwa upole kama Mama Mueni anajua kuendesha. Nilimjibu kwamba hajui. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniuliza bei.

Hapa sina budi kueleza kwamba mimi ni mweka hazina wa chama cha ustawi cha mtaa wetu, na kwamba katiba ya chama hicho niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nikipitia taarifa ya akaunti mwisho wa mwezi, niliona shilingi 38,000 zimetolewa kwa sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya katibu, bila yangu, na kando yake pameandikwa neno moja tu: “dharura”. Sikupata usingizi. Nilimpigia mwenyekiti, akaniambia nipumzike. Nilimpigia katibu, akaniambia Mungu yupo. Majibu ya namna hiyo, kwa mtu aliyekagua hesabu za watu kwa miaka mingi, yana maana moja tu, na ndiyo sababu niliitisha mkutano wa dharura nyumbani kwa mwenyekiti, nikatoa nakala za katiba kwa gharama yangu, nikamgawia kila mjumbe ya kwake.

Walikuja wote. Sijawahi kuona akidi ikitimia upesi namna ile. Nyuma ya nyumba mbuzi alikuwa akilia, na pembeni mwa sebule palikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa shuka ya maua, nami nikayaweka yote mawili akilini kuwa ushahidi. Nilisimama, nikazungumza kwa ukali juu ya uaminifu, kisha nikafungua Ibara ya 9 na kuisoma kwa sauti: kwamba fedha hutolewa kwa sahihi tatu, isipokuwa pale ambapo mweka hazina ni mgonjwa mahututi, ndipo sahihi mbili zitatosha. Nikainua macho juu ya miwani.

“Naomba kuuliza mkutano huu,” nikasema. “Je, mimi ni mgonjwa mahututi?”

Hakuna aliyejibu. Kila mtu alikuwa akitazama viatu vyake. Nikalirudia swali kwa sauti kubwa zaidi, nikipiga meza, na suruali ikateremka kidogo nikaivuta kwa mkono wa pili bila kukatiza hoja. Hapo Mama Achieng akaangua kilio.

“Keti, Baba Mueni,” akasema mwenyekiti. “Keti, ndugu yangu. Tulitaka kukuambia siku nyingine, lakini umetutangulia.”

Akaivuta ile shuka. Chini yake palikuwa na kiti cha magurudumu, kipya, bado kina nailoni mikononi. Katibu akasoma matumizi akiwa ameinamisha kichwa: kiti, shilingi 15,000, mbuzi wa supu ya mgonjwa, 12,000, nauli na chakula cha wajumbe wawili waliokwenda Machakos kuwaandaa ndugu zangu, 4,000, na 7,000 zimo kwenye bahasha. Niliuliza ndugu zangu waliandaliwa kwa jambo gani. Katibu akasema wajumbe walilitazama shamba tu, kwa mbali, na kwamba upande wa mwembe udongo ni laini.

Nilikuwa nimeongea muda mrefu, koo limenikauka, na maneno yaliyotakiwa kutoka hayakutoka. Mama Achieng aliyafuta machozi, akanijazia glasi ya juisi ya embe aliyokwisha kuitia vijiko kadhaa vya glukosi, akanishikisha kwa mikono yake miwili huku wanawake wote wakinitazama kwa macho ya kunisihi. “Kunywa, baba. Hata kidogo. Upate nguvu.” Katika mtaa wetu mtu halikatai jambo kama hilo mbele ya watu waliokulilia. Nilikunywa yote.

Sukari nyingi ikiingia kwa mtu mwenye tumbo zima hukaa kwanza, hutolewa kidogo kidogo. Kwa mtu wa aina yangu hakuna pa kukaa. Hushuka moja kwa moja utumboni kwa mkupuo, nao utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua, na matokeo yake hujitokeza baada ya dakika kumi hadi thelathini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata sauti ya kuanza kueleza ukweli. Nilisema, “Ndugu zangu, mimi siumwi,” na papo hapo moyo ukaanza kugonga kifuani, jasho likanitiririka hadi mgongoni, tumbo likajisokota, sebule ikazunguka. “Siumwi kabisa,” nikaongeza, nikaporomoka juu ya kochi.

Kilichofuata nilikiona kwa jicho moja. Mchungaji alikuwa amekwisha kuniwekea mkono kipajini na kunikabidhi kwa Muumba kwa majina yangu yote matatu. Mtu alikuwa akinipepea kwa Ibara ya 9. Katibu alileta vidonge vikali vya maumivu, vile ambavyo daktari alinikataza kabisa kwa kuwa huweza kutia vidonda pale utumbo ulipounganishwa, nami nikafumba mdomo na kukataa kwa kichwa, jambo lililomfanya Mama Achieng awaambie wenzake kwamba nimekata tamaa. Nilichohitaji ni kulala chali na kuachwa, kwa sababu hali hiyo hupita yenyewe. Lakini jaribu kulala chali kwa utulivu huku watu wakikuimbia wimbo wa kuaga.

Mama Mueni aliitwa akaja mbio na leso kiunoni. Alinitazama, akaitazama glasi, akainusa, akageuka.

“Nani amempa huyu mtu sukari?” akauliza. “Nyamazeni! Haendi popote. Amekatwa tumbo ili akonde, na amelipa mwenyewe!”

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

Mwenyekiti ndiye aliyeuliza bei, na mke wangu, kwa hasira aliyokuwa nayo, akaitaja. Ukimya uliofuata haukuwa wa huruma tena. Baba Otieno alitaka kuthibitisha kama amesikia vizuri: kwamba mtu ametoa laki kadhaa kwa hiari yake ili asile, na wao wakatoa mbuzi ili ale. Nikiwa bado nimelala nilijaribu kuwaelimisha. Niliwaambia kwamba upasuaji huu si mchezo wa matajiri, kwamba ulianzishwa huko Iowa, Marekani, miaka ya 1960 na daktari Edward Mason, baada ya kuonekana kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walikuwa wakikonda na kubaki hivyo. Mama Achieng, ambaye machozi yalikuwa yamekauka kabisa, akaniuliza kama huyo Mason naye wagonjwa wake walikuwa wakichangiwa mbuzi na majirani.

Suala la kurudishiwa michango lilizuka pale pale, nami kama mweka hazina niliwajibika kulitolea mwongozo. Ibara ya 11 inasema wazi kwamba mchango wa ugonjwa haurudishwi. Baba Otieno akadai kwamba hapakuwa na ugonjwa. Nikamkumbusha kwamba kisukari na shinikizo la damu ni magonjwa, na kwamba katiba haisemi mgonjwa lazima awe amekonda kwa kufuata utaratibu wanaoutaka wao. Mjadala uliendelea hadi saa nne na nusu za usiku. Iliamuliwa kwamba mbuzi aliwe Jumamosi na wote, bahasha irudi kwenye akaunti, mwembe wa Machakos usitajwe tena kwenye kumbukumbu, na kiti cha magurudumu kiwe mali ya chama, kikiazimwa kwa shilingi 200 kwa siku.

Miguu ilikuwa bado haina nguvu. Mwenyekiti na Baba Otieno walinisukuma hadi nyumbani kwa kiti hicho hicho, wakipita kwa mlinzi wa lango, aliyevua kofia. Jumamosi nilikwenda kwenye nyama, nikapewa kipande kidogo cha paja, nikakitafuna hadi kikawa uji, na wajumbe wote wakanyamaza wakihesabu shilingi 12,000 zinavyoteremka kooni mwangu.

Jumatatu niliandika risiti ya shilingi 200 kwa ajili ya safari ya usiku ule. Mlipaji ni mimi, mpokeaji ni mimi, na sahihi ni moja mara mbili. Mkaguzi wa hesabu ameiwekea alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Nimemwandikia barua ya kurasa mbili kumweleza kwamba risiti ni halali, na nimeambatisha Ibara ya 9.