Mafumbo ya Hesabu Wayaandike Watoto Wenyewe

Aliyesomea shule ya msingi Kenya anaijua insha hii. Nilirauka alfajiri na mapema majogoo yalipowika. Nikajitoma hamamuni, nikapiga mswaki hadi meno yakawa meupe pepepe. Nikastaftahi kwa sharubati na mahamri. Kufumba na kufumbua, siku ya siku ikawa imewadia. Mada iwe ajali barabarani, fainali ya kandanda au harusi ya shangazi, mwanzo ni huohuo. Karatasi ya Insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa na dakika 40 na alama 40, na kwa muda huo mtu alimwaga alichokariri akashukuru Mungu. KCPE, iliyoanza 1985, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Insha ya hamamuni ingali hai. Nimeikuta juzi kwenye daftari la mtoto wa gredi ya tano ambaye kwao wanaogea karai nyuma ya nyumba.

Ukifungua daftari lake la hesabu unakuta ugonjwa uleule. Kujumlisha anajua, kutoa anajua, lakini akifika kwenye mafumbo, yaani hesabu za maneno, anatafuta namba mbili na neno la kumwelekeza. Ameambiwa “zaidi” ni kujumlisha na “baki” ni kutoa. Basi muulize: Juma ana maembe 9, ambayo ni 4 zaidi ya maembe ya Ali, Ali ana mangapi? Atakwambia 13, kwa sauti ya mtu asiye na shaka yoyote. Ameona “zaidi”, kazi imekwisha. Maembe hakuyaona kabisa.

Si watoto wetu peke yao. Karibu mwaka 1980, watafiti wa ufundishaji wa hisabati mjini Grenoble, Ufaransa, waliwauliza wanafunzi wa madarasa ya chini swali hili: katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, 76 walitoa jibu kwa kuzichezea namba walizopewa. Jibu kama 36 linapatikana kwa kujumlisha kondoo na mbuzi, na hesabu yenyewe ni sahihi. Tatizo ni kwamba kati ya hao 76 hakuna aliyeisoma hadithi. Mimi naona nahodha huyu na yule anayejitoma hamamuni ni ndugu: wote wawili wamezaliwa na mtoto aliyezoea kwamba maneno ya shuleni hayahusu kitu chochote duniani.

Ndiyo maana nasema insha na hesabu zifundishwe pamoja, angalau mara moja kwa wiki, kwa njia isiyohitaji vitabu wala kompyuta. Mwalimu aandike ubaoni 50 − 32 = 18, kisha aseme: nipeni hadithi yake. Basi.

Jaribuni muone. Wa kwanza atasema alikuwa na shilingi 50, akanunua viazi karai vya shilingi 32, akabaki na 18. Sawa. Mwambie sasa hapo pasitumike hata shilingi moja. Hapo darasa hunyamaza, halafu mmoja husema: dada ana 50, mimi nina 32, ananizidi 18. Mwingine anataka kununua mpira wa shilingi 50, ana 32, bado anatafuta 18. Kutoa ni kulekule, lakini hadithi ni tatu na wahusika watatu: mmoja ametumia, mmoja anaona wivu, mmoja anatamani. Mtoto aliyezitunga zote tatu hatababaishwa na neno “zaidi” tena.

Kugawanya ndiko kutamu kuliko yote. Maandazi 12 kwa watoto 4, kila mmoja anapata 3. Maandazi 12 yakifungwa manne manne, unapata mifuko 3. Mtihani hauoni tofauti, ila anayegawia watoto na anayefunga mifuko ya kuuza wanafanya kazi mbili mbalimbali. Halafu kuna baki. Wanafunzi 35 wanakwenda ziara kwa matatu za abiria 14. Daftarini jibu ni 2, baki 7, na mwalimu anatia alama ya vema. Lakini hao saba wamesimama stendi! Itafutwe matatu ya tatu, au wabanane kinyume cha sheria na polisi yuko mbele, au warudi nyumbani. Nani anachaguliwa kubaki, na nani anachagua? Hiyo ni insha, na haina haja ya jogoo kuwika.

Namba pia huiponya insha. Mtoto akiandika “soko lilikuwa na watu wengi mithili ya siafu” hajaona soko. Akiandika kwamba mama aliuza mafungu 9 ya nyanya kwa shilingi 20 na akarudi na shilingi 160 badala ya 180, nataka kujua fungu la tisa lilikwendaje. Ameshanikamata.

Walimu wataniuliza: darasa la watoto 60, nani atasahihisha hadithi 60? Asisahihishe. Kila mtoto ampe jirani yake wa dawati fumbo alilotunga, jirani alitatue. Likishindikana kwa sababu mtunzi amesahau kusema bei, mtunzi ataambiwa papo hapo, tena bila adabu, na ataandika upya. Sijaona kalamu nyekundu inayofundisha kuandika waziwazi kuliko hiyo. Mwalimu apite tu akiamua kesi.

Wala sisemi jedwali la kuzidisha lisikaririwe. Likaririwe. Mtoto anayehesabu vidole kutafuta 7 × 8 hana akili ya kubaki ya kutungia hadithi. Wanaotuambia kukariri ni kosa nadhani hawajawahi kusimama dukani mteja akisubiri chenji.

Na kwa wanaodhani haya ni mageni, shairi letu la tarbia ni hesabu tangu zamani: mishororo 4, kila mshororo mizani (silabi) 16, nane kwa nane, yaani mizani 64 katika ubeti mmoja. Nilimpa msichana mmoja jirani yetu kazi ya kuandika fumbo la kutoa kwa mizani hizo. Akaleta:

Mama alipika jana, maandazi ishirini,
Wawili tukapambana, yakabaki sita ndani.

Ukihesabu, wamekula 14, saba saba. Lakini mishororo hiyo haisemi popote kwamba waligawana sawa, na kaka yake, aliyekuwa wa pili katika pambano hilo, aliliona pengo hilo mara moja. Akajibu:

Kumi ulikula jana, mimi manne mezani.

Jumla ni 14, hesabu imekubali. Dada mtu hakuugusa ule wizi. Alisema tu kipande cha mwisho kina mizani saba, kwa hiyo ushahidi haufai. Wakahesabu kwa vidole, me-za-ni, ma-nne, mara ya pili, mara ya tatu. Kina nane: ile n ya kwanza ya “manne” inasimama peke yake.