Mpira na Ngoma Uwanda Mmoja

Mashimo ni manane. Niliyahesabu mwenyewe Jumapili nilipotoka kusali alfajiri, nikipita uwanjani kwetu kurudi nyumbani. Ni mashimo ya nguzo za jukwaa la tamasha lililofanyika usiku wa kuamkia siku hiyo, na manne kati yake yako ndani ya eneo la penalti, upande wa kibla. Wenye tamasha walikuwa wameshafunga vyombo vyao na kupanda boti. Jumatatu jioni mtoto wa dada yangu, anayecheza winga, akatia mguu katika mojawapo. Kifundo kilivimba mfano wa embe dodo, na mpaka naandika haya bado anatembea kwa kushika ukuta.

Naanza na hilo ili asije mtu akadhani napuuza uchungu wa wenzangu. Uchungu huo umelala nyumbani kwetu.

Barazani usiku ule kauli ilikuwa moja. Aliyeitoa ni ami yangu, golikipa wa zamani ambaye mpaka leo hakosi mechi kubwa ikichezwa uwanja wa Twaif hapa Lamu. "Uwanda ni wa mpira," alisema. "Mwenye kutaka muziki na atafute pake." Watu wote wakaitikia. Ami ndiye aliyenifunza kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, na heshima yake kwangu haipungui. Lakini kwa hili sikubaliani naye, na kwa kuwa pale barazani sikuachiwa nimalize neno langu, naliweka hapa.

Nitamjibu kwa Wembley, uwanja mkubwa wa London, maana Wembley ndiyo kipimo chake cha kila uwanja duniani. Msimu wa 2017/18, Tottenham walipohamia pale kwa muda huku uwanja wao mpya ukijengwa, na Victor Wanyama wetu akawa anacheza Wembley kama nyumbani, ami alikuwa wa kwanza kufika kwenye banda la kutazamia mpira na wa mwisho kutoka. Kwake yeye pale ni pahali pa mpira mtupu. Historia ya pale haisemi hivyo hata kidogo.

Uwanja wa zamani wa Wembley, ule wa minara miwili, ulijengwa kwa siku 300 na pauni 750,000. Ulikusudiwa kuwa kitovu cha Maonyesho ya Dola ya Uingereza ya 1924 na 1925, yaliyokuwa ya kutangaza mali na nchi zote zilizokuwa chini ya bendera ile, na sisi tukiwamo. Uliitwa Uwanja wa Dola. Mechi ya kwanza ilikuwa fainali ya Kombe la FA tarehe 28 Aprili 1923, Bolton Wanderers na West Ham United. Palikuwa na nafasi ya watu wapatao 127,000, wakaja wanaokisiwa kupita 200,000, wakaparamia kuta wakajaa mpaka kwenye nyasi. Polisi wa farasi ndio waliowarudisha nyuma hatua kwa hatua, na farasi mmoja mweupe, Billie, anakumbukwa kuliko mfungaji yeyote wa siku ile. Mpira ulichelewa karibu dakika 45. Bolton wakashinda 2-0.

Maonyesho yalipokwisha, jengo likawa mzigo. Fainali moja kwa mwaka na mechi za timu ya taifa za kuhesabika haziwezi kulisha uwanja wa ukubwa ule, na ilifika hadi ya kutaka kubomolewa. Aliyeuokoa ni Arthur Elvin, mtu ambaye wakati wa maonyesho alikuwa akiuza sigara kibandani humohumo. Mwaka 1927 akaununua, na kabla mwaka haujaisha mbwa wa mbio walikuwa wakikimbizana kuzunguka nyasi. Mwaka 1929 zikaingia mbio za pikipiki, ikaja na fainali ya raga ya wachezaji 13. Kamari ya mbwa sisi kwetu ni haramu na siisifu. Nataka tu ijulikane kwamba waliokuwa wakileta watu pale wiki baada ya wiki, hata taa zikaendelea kuwaka, ni mbwa.

Mbwa hao walikuwa na nguvu kiasi gani? Mwaka 1966, Kombe la Dunia likichezwa Uingereza, mechi ya Uruguay na Ufaransa iliangukia Ijumaa, siku ya mbio za mbwa Wembley. Wenye uwanja walikataa kuahirisha mbio. Mechi ya Kombe la Dunia ikahamishiwa uwanja wa White City. Nilipomwambia ami hili, alinitazama kama ninayezua. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na wiki mbili baadaye, juu ya nyasi zilezile zilizozungukwa na njia ya mbwa, Uingereza wakaifunga Ujerumani Magharibi 4-2 wakatwaa kombe lao la pekee.

Pale pia ndipo ilipofanyika Olimpiki ya 1948, njia ya mbwa ikaondolewa, pakamwagwa makaa yaliyosagwa wapate wanariadha pa kukimbilia. Bondia Muhammad Ali, akiitwa bado Cassius Clay, aliangushwa na Henry Cooper pale mwaka 1963, akainuka akashinda raundi ya tano. Mwaka 1982 Papa John Paul wa Pili aliongoza misa palepale.

Muziki uliingia 1972, kwa tamasha la rokenroli la kina Chuck Berry na Little Richard, na tangu hapo haukutoka. Siku ambayo watu wengi wa rika langu wanaijua ni tarehe 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid, lililokusanya fedha kwa ajili ya wenye njaa Ethiopia. Watu 72,000 walikuwa Wembley, na wengine Philadelphia siku hiyohiyo. Kundi la Queen lilipanda jukwaani jioni yao, hapa kwetu isha imeshapita, likapewa dakika kama 20 tu. Aliyewashika wale watu wote kwa sauti yake ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mtoto wa pwani hii alisimama pahali ambapo kwa desturi husimama wachezaji, na hakuna mtu Uingereza anayesema siku ile uwanja ulidhulumiwa.

Kisha likaja la Mandela. Tarehe 11 Juni 1988 wanamuziki walijaa Wembley kuadhimisha miaka yake 70, naye yuko jela. Walikuwapo Stevie Wonder, Whitney Houston, Tracy Chapman, na Waafrika Kusini wenyewe, Miriam Makeba na Hugh Masekela, waliokuwa uhamishoni. Tamasha likarushwa kwenye runinga za nchi nyingi, na jina ambalo serikali ya makaburu ilitaka lisahaulike likasikika sebuleni kwa watu ambao hawakuwahi kulijua. Alifunguliwa Februari 1990. Tarehe 16 Aprili mwaka huohuo akaingia Wembley kwa miguu yake mwenyewe, kwenye tamasha jingine, na watu wakampigia makofi kwa dakika kadhaa hata hakuweza kuanza kusema. Kila nikilifikiri hili mwili hunisisimka. Uwanja uliojengwa kuitukuza dola iliyotutawala ndio uliompokea mtu aliyefungwa kwa kukataa kutawaliwa. Kwa mpira peke yake jambo hilo lisingetokea.

Wala hatuhitaji kwenda London kutafuta ushahidi. Mkunguni, uwanda ulio mbele ya ngome ya Lamu, ni yetu. Ngome iliyokamilika 1821 iliyaona mengi mbele ya mlango wake, na hata ilipokuwa jela, mpaka 1984, uwanda ule haukuacha kuwa wa watu. Wazee wanacheza bao chini ya mikungu. Maulidi ikifika, vijana wanacheza kirumbizi, ngoma ya fimbo. Wageni wa sikukuu ya utamaduni husimama hapohapo, na wanasiasa hupanga viti vyao hapohapo. Sijapata kumsikia mtu akisema Mkunguni ni ya bao tu.

Najua ami atanijibu kwamba Mkunguni hakuna nyasi za kuharibiwa. Ni kweli, na hapo ndipo penye hoja yake ya haki. Wembley nao yaliwakuta. Uwanja wa zamani ulifungwa Oktoba 2000, ukabomolewa, na mpya wa viti 90,000 wenye tao la mita 133 ukafunguliwa 2007. Wakaleta matamasha, wakaleta hata mbio za magari, na kuta ndefu zikazizuia nyasi zisipate jua na upepo wa kutosha. Katika miaka mitatu ya kwanza nyasi zilitandikwa upya zaidi ya mara kumi, na wachezaji walikuwa wakiteleza mbele ya dunia nzima. Lawama zilikuwa nyingi. Lakini hawakufukuza muziki. Mwaka 2010 waliweka nyasi zilizoshikwa na nyuzi za plastiki zilizoshonwa ndani ya udongo, wakatulia. Matamasha makubwa huwa zaidi ni ya kiangazi, ligi ikiwa imekwisha. Mwaka 2024 Taylor Swift alijaza uwanja huo nyusiku nane, na msimu wa mpira ukaendelea kama kawaida.

Sisi nyuzi za plastiki hatuna na hatuzitaki. Tunachokosa ni mpangilio na mtu wa kuulizwa. Tamasha lile lilipangwa katikati ya ligi. Hakuna aliyetembea uwanjani na wenye jukwaa kuwaonyesha pa kuchimba. Hakuna aliyeshika dhamana yao. Wangeambiwa wasimamishe nguzo nyuma ya goli la upande wa bahari, ambako ni mchanga na hakuna anayecheza, wangekataa? Sidhani. Waliingia kwenye uwanja usio na mwenyewe wakafanya walivyoweza.

Basi ninachoomba ni hiki. Matamasha yawe baada ya ligi. Mfungo Sita uachiwe Maulidi na ligi ipumzike, kama tunavyofanya tayari bila kuandika popote. Anayetaka uwanja aweke shilingi elfu hamsini mikononi mwa kamati, arudishiwe siku mashimo yatakapofukiwa na takataka kuondolewa. Jukwaa likae nyuma ya goli. Adhana ikitolewa, muziki uzimwe. Na fungu la kila tiketi linunue nyavu, kwa sababu tangu mwaka juzi tunacheza na magoli matupu na kila bao la pembeni linazua ugomvi.

Jana vijana wa timu na wale wa kikundi cha ngoma walileta mchanga pamoja, safari kumi na mbili za punda. Ami alikuja na bakora yake, akaanzia kwenye eneo la penalti, akabonyeza shimo moja baada ya jingine kuona kama limeshiba. La sita likadidimia. Akaagiza liongezwe, kisha akaniuliza hiyo dhamana ya elfu hamsini nimeipigia hesabu gani, maana kwake yeye haifiki. Kikao ni Alhamisi baada ya magharibi, barazani palepale.