Eti mgonjwa "hazingatii dawa"

Maneno mawili tu, yakishaandikwa kwenye faili la mzee, yanamfuata hadi kaburini: hazingatii dawa. Mtu ana miaka 80 na ushee, moyo umechoka, miguu imejaa maji, jina la mjukuu anayemlisha analikosea, halafu anaandikiwa kosa kana kwamba amekusudia. Asiyekumbuka kama amekunywa chai asubuhi ndiye tunayemtegemea kwa karvediloli ya moyo kutwa mara mbili, Lasix ya kukojoza maji asubuhi na mchana, enalaprili ya presha na moyo, spironolaktoni na ile ya mafuta usiku, zote kwenye bahasha zinazofanana zilizoandikwa 1x2, yaani kimoja mara mbili, kwa kalamu inayofutika na jasho. "Umeelewa, bibi?" "Nimeelewa, mwanangu." Basi, imetosha, mwingine!

Dozi iliyorukwa ina hatari yake, ila mtego mkubwa unakuja nyuma yake. Mzee anafika kliniki amevimba, presha iko juu. Daktari anaona enalaprili miligramu 5 imeshindwa, anaandika 10. Mwezi ujao bado kavimba, Lasix inatoka 40 inakwenda 80. Kumbe hata ile 5 ilikuwa inamezwa mara mbili kwa wiki. Siku akilazwa, muuguzi anampa kila kidonge kwa saa yake, maana karatasi ndivyo inavyosema. Siku ya tatu presha ya juu imeshuka hadi 80, figo zimegoma, mzee anazungumza na marehemu mkewe, na faili linapata mstari mpya: amechanganyikiwa. Au binti anakuja kumuuguza baba, anampa dawa zote bila kukosa hata moja, na wiki haijaisha babu kaanguka chooni. Uaminifu wa binti ndio uliomwangusha.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha dozi, hesabu vidonge. Aliyemleta aje na bahasha zote, za hospitali na za duka la dawa, azimwage mezani. Kama alipewa 60 za mwezi na zimebaki 41, kuongeza miligramu hakutibu kitu. Akilazwa, uliza kwanza alikuwa akimeza nini hasa, anzia hapo, kisha panda taratibu. Presha ipimwe akiwa amelala dakika 5, halafu amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Ikishuka 20 ya juu au 10 ya chini, usipandishe chochote kabla hujajua sababu.

Na mezani hapo hutakosa diklofenaki, dawa ya maumivu, "ya mgongo". Hiyo inashikilia chumvi na maji, inapigana na Lasix, inaumiza figo. Mpe panadol. Utaona pia amlodipini, dawa ya presha, ambayo yenyewe huvimbisha vifundo vya miguu, kisha mtu anaongezewa Lasix kwa uvimbe ambao Lasix haiuhusu. Lasix nayo ikimezwa jioni, mzee anaamka usiku kucha, analowanisha kitanda, anapewa kidonge cha kukausha kibofu, kidonge hicho kinamvuruga akili, anaongezewa cha kumtuliza, anaanguka. Wanne wameandika, hakuna aliyefuta. Lasix huanza kazi ndani ya saa moja na huisha nguvu kwa kama saa 6, kwa hiyo ya kwanza imezwe saa mbili asubuhi, ya pili isipite saa nane mchana. Siku ya safari ya kliniki imezwe akirudi, maana wengi wanairuka kwa kuogopa kukojoa kwenye daladala. Piriton ya kumlaza usingizi? Itupwe.

Punguza mara za kumeza. Bisoprololi, ya kundi moja na karvediloli, ni mara moja kwa siku, karvediloli mbili. Dapagliflozini, dawa ya kisukari inayosaidia pia moyo, ni miligramu 10 asubuhi, haina kupandisha dozi na presha haiigusi sana; bei yake ni mjadala mwingine, sina jibu zuri. Akiharisha, akitapika au akikataa kula, Lasix, enalaprili, spironolaktoni na dapagliflozini zisimamishwe kwa muda, na kliniki ipigiwe simu siku hiyo hiyo.

Haya, foleni ni ndefu na daktari ni mmoja, nakubali. Lakini kupima kumbukumbu hakuchukui nusu saa, na tafadhali tusimchoreshe saa ya ukutani bibi ambaye hajawahi kushika kalamu. Kipimo cha kumbukumbu kiitwacho IDEA kilifanyiwa kazi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wasiosoma. Kuna sehemu ya kupanga njiti za kiberiti. Tunacho nyumbani, tunatumia cha Wazungu. Ila usimpime akiwa bado anahema: maji yakitoka, akili ya baadhi yao inarudi.

Ule ushauri wa kupima uzito kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, na kuwahi kliniki ukiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, ni mzuri kwa mwenye mizani na mwenye misuli. Mzee anayekonda anapoteza nyama huku anajaza maji, mizani inasoma 52 ile ile, wote wanafurahi. Na hatasema "nakosa pumzi". Atakataa ugali, atalala kwenye kiti, ndala zitambana, atachanganyikiwa kuliko jana. Anayeishi naye ndiye anayeyaona hayo, si kadi ya uzito.

Chumvi? Acheni ng'onda na magadi kwenye makande, lakini msimpe chakula kisicho na ladha kama karatasi mpaka akaache kula kabisa.

Wazee wetu wanazungushwa pia, mwezi huu kwa mtoto wa Tabata, ujao kwa wa Mbagala, na bahasha zinabaki kwa nani sijui. Basi pale mnapoandika "hazingatii dawa", futeni, andikeni: anayempa dawa ni nani, simu yake, vidonge vilivyobaki leo, uzito wake akiwa hana uvimbe, na tarehe uliyoupima.