Shahada ya unesi kwa miezi 16: inamfaa nani?

Katika nyumba za kulelea wazee za Marekani, kuanzia Dallas hadi Lowell na Minneapolis, utawakuta Watanzania, Wakenya na Wakongo wenye shahada za biashara, ualimu, sheria au kilimo wakiwageuza wagonjwa kitandani na kuwabadilisha nguo. Ni kazi ya heshima na inalipa kodi ya nyumba. Lakini ukishabeba boksi miaka mitatu minne, unamtazama nesi mliye naye zamu moja, unaona anachofanya, unaona na anacholipwa, na wazo la kurudi darasani linaanza kukunyima usingizi.

Hapo ndipo programu ya haraka inapobisha hodi. Mtu mwenye shahada ya fani nyingine anapewa shahada ya kwanza ya uuguzi, BSN, kwa miezi 11 hadi 18 badala ya miaka minne, kisha anakaa mtihani wa leseni, NCLEX, kama nesi mwingine yeyote. Mpango huu si mgeni: chuo kikuu cha Saint Louis kiliuanza mwaka 1971. Kwa watu wetu mshindani wake ni chuo cha jamii (community college), unakosoma unesi wa miaka miwili, ADN, unakaa mtihani uleule, halafu BSN unaimalizia baadaye kwa intaneti ukiwa tayari kazini.

Msimamo wangu niuseme mapema. Programu za haraka ni nzuri, na nimeziona zikiinua ukoo mzima. Ila zimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye nyumba yake inaweza kuishi mwaka na zaidi bila mshahara wake, na wengi wetu hatuna nyumba ya namna hiyo.

Tuanze na pesa, maana ndipo ushauri wa mitaani unapokosea zaidi. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024, mshahara wa kati wa nesi aliyesajiliwa ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka, na wa msaidizi wa wauguzi, CNA, ulikuwa dola 39,530. Tofauti ni dola 54,070, yaani kama 4,500 kila mwezi kabla ya kodi. Kila mwezi unaochelewa kuwa nesi unakugharimu kiasi hicho, na hii ndiyo hoja kubwa ya wanaotetea haraka.

Sasa wachukue watu wawili waliokwisha kumaliza masomo ya sayansi yanayotakiwa. Wa kwanza anaingia programu ya miezi 16 kwenye chuo binafsi, tuseme kwa ada ya dola 60,000, na anaacha kazi kabisa. Wa pili anaingia chuo cha jamii kwa miaka miwili, tuseme dola 10,000 kwa ada na vitabu, huku akifanya kazi nusu ya saa zake. Ikifika miezi 24, wa kwanza amekuwa nesi kwa miezi minane na ameingiza 62,400. Ukitoa ada amebaki na 2,400. Wa pili ameingiza 39,530. Ukitoa ada amebaki na 29,530. Wa polepole yuko mbele kwa dola 27,000 hivi, tena huenda hadaiwi. Na hapo nimempendelea wa kwanza, kwa sababu nesi mpya hulipwa chini ya mshahara wa kati, na kati ya mahafali na zamu ya kwanza kuna wiki nyingi za kusubiri ruhusa ya mtihani, mtihani wenyewe na usaili.

Lakini ongeza foleni. Vyuo vingi vya jamii vina waombaji kuliko viti, na mtu anaweza kusubiri. Kwa kila mwezi wa kusubiri, wa pili anapoteza ile 4,500. Foleni ya miezi sita inafuta faida yake yote. Ya mwaka mzima inamweka nyuma kwa dola 27,000 zilezile alizokuwa akiongoza. Ndiyo maana naona ni makosa kumwambia mtu "nenda chuo cha jamii, ni rahisi" au "usipoteze muda, nenda ya haraka" kabla hajapiga simu chuo cha karibu na kuuliza wanaingiza wanafunzi wangapi na foleni inafika wapi. Jibu linaweza kutofautiana kati ya miji miwili iliyo umbali wa dakika arobaini kwa gari.

Halafu kuna suala la nani anakukopesha. Ukiwa na shahada tayari, hata kama ni ya Makerere au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kawaida hupati Pell, ule msaada wa serikali kuu usiorudishwa. Wengi hudhani shahada ya nyumbani haihesabiwi. Kwa jambo hili inahesabiwa. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi anayejitegemea wa ngazi ya juu ya shahada ya kwanza una ukomo wa dola 12,500 kwa mwaka wa masomo, na 57,500 kwa jumla, pamoja na chochote ulichokopa zamani. Programu ya miezi 16 ikiangukia miaka miwili ya masomo, ni 25,000. Ada ni 60,000. Pengo la 35,000, na kodi na chakula juu yake, linazibwa na mkopo wa benki, na benki humtaka mtu asiye na historia ndefu ya mikopo alete mdhamini. Mdhamini kwetu ni kaka, shemeji au mtu wa kanisani au msikitini. Ukiondolewa chuoni muhula wa pili, deni linagonga mlango wake na wako kwa pamoja, na undugu uliojengwa miaka ishirini unavunjika kwa barua ya benki. Kwa aliye na viza ya mwanafunzi hali ni nzito zaidi: mkopo wa serikali kuu hapati, na muhula ukiwa unaendelea haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki, tena ndani ya chuo.

Hata hivyo upande wa haraka una hoja ambayo kalamu na karatasi haziioni, na naiheshimu sana. Njia ya polepole ina vituo vingi, na kila kituo ni nafasi ya kushuka. Unasoma masomo mawili kwa muhula, unapata mtoto, unapumzika. Nyumbani kunatokea msiba, akiba inakwenda kwenye tiketi. Karatasi za ukaazi zinachelewa. Masomo ya sayansi nayo yanachacha, kwani vyuo vingi havikubali anatomia au mikrobiolojia iliyozidi miaka mitano au saba. Nawafahamu watu wenye akili nzuri ambao wamekuwa "wanasoma unesi" muda mrefu na bado hawajagusa wodi kama wanafunzi. Programu ya haraka inakufungia mlango wa kutokea. Aliyefikisha miaka 42 ana sababu halali ya kuutaka mlango huo ufungwe.

Kuna pia BSN yenyewe. New York ilipitisha sheria Desemba 2017 inayowataka manesi wapya kuipata ndani ya miaka kumi tangu wapewe leseni, na hospitali kubwa nyingi za mijini huiandika moja kwa moja kwenye tangazo la kazi. Lakini hoja hii isikuzwe kupita kiasi. Nesi mwenye ADN anaweza kumaliza BSN kwa intaneti katika mwaka mmoja hivi, tena mara nyingi mwajiri akichangia ada. Inakuwa na uzito kamili pale tu ambapo hospitali za eneo lako haziajiri nesi mpya asiye na BSN. Nje ya hapo unanunua kwa bei ghali kitu ambacho mwajiri angekusaidia kukinunua.

Kinachoangusha watu ndani ya programu hizi ni namna ya kufikiri inayotakiwa, na hili linahitaji kuonyeshwa. Chukua swali la aina hii. Nesi amepokea wagonjwa wanne. Mmoja amefanyiwa upasuaji wa goti na anasema maumivu ni 8 kati ya 10. Wa pili ana kisukari, na sukari yake imesoma 250. Wa tatu ana ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni yake ni asilimia 90. Wa nne ameondolewa tezi ya shingo asubuhi. Hajalalamika, ila kila akivuta pumzi inatoka sauti nyembamba ya kukwaruza. Amwone nani kwanza? Wote wanahitaji huduma, na aliyesoma kwa kukariri atakimbilia oksijeni ya 90 kwa sababu anajua kawaida ni 95 na kuendelea. Lakini kwa mgonjwa wa mapafu ya namna ile, 90 inaweza kuwa ndiyo kawaida yake. Sukari ya 250 inaweza kusubiri dakika kadhaa. Maumivu yanatesa, hayaui kwa muda huo. Aliyenyamaza ndiye njia yake ya hewa inaziba.

Sisi tumelelewa kwenye mitihani ya taja, eleza, fafanua. Ukielewa somo na kulikumbuka, umefaulu. Hapa majibu manne yote yanaweza kuwa sahihi na unatakiwa uchague la kwanza kwa muda mfupi. NCLEX imeongeza uzito huo tangu Aprili 2023 kwa maswali ya visa virefu vya mgonjwa mmoja. Ina maswali 85 hadi 150 ndani ya saa tano, na kompyuta inabadilisha ugumu kulingana na unavyojibu. Kwenye chuo cha jamii una mihula minne ya kubadilisha ubongo wako. Kwenye programu ya haraka mtihani wa kwanza unaweza kuja wiki ya tatu, alama ya kufaulu ni kama 75 au 78 kwa mujibu wa chuo, hairukishwi juu hata ukipata 74.9, na ukifeli masomo mawili mara nyingi unatolewa.

Aliyefanya kazi ya CNA ana mtaji hapa ambao haujui. Ameshawaona wazee wakibadilika rangi, wakichanganyikiwa ghafla usiku, wakikataa chakula siku moja kabla ya homa. Mwanafunzi aliyetoka ofisini hana macho hayo. Tahadhari ni moja: CNA amezoea kumaliza orodha ya kazi za zamu, na mtihani unamwadhibu anayekimbilia kufanya kabla ya kupima hali ya mgonjwa.

Kuhusu kuchagua chuo, wengi wanajua kuangalia ithibati ya CCNE au ACEN na kibali cha bodi ya manesi ya jimbo. Wachache wanajua udhaifu wa kile kiwango cha kufaulu NCLEX kinachobandikwa kwenye matangazo. Kwa waliosomea Marekani na kufanya mtihani mara ya kwanza, kiwango cha kitaifa kilikuwa karibu asilimia 80 mwaka 2022 na zaidi ya 88 mwaka 2023, kwa hiyo chuo kinachojisifia 90 hakijasema mengi. Zaidi ya hapo, kiwango hicho kinahesabu waliofika kwenye mtihani tu. Chuo kikianza na wanafunzi 100, kikachuja hadi 60, na 57 wakafaulu, kitaandika asilimia 95 kwa herufi kubwa. Wale 40 wana deni na hawana leseni, na hawamo kwenye tangazo. Uliza walianza wangapi kwenye kundi lililopita na wangapi walimaliza kwa wakati. Ofisi ya udahili ikizungukazunguka, hilo nalo ni jibu. Uliza pia hospitali za mazoezi ziko wapi; kuna programu ambazo nadharia unasoma sebuleni kwako na wodi iko mwendo wa saa moja na nusu, zamu ikianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Na haraka inayopita kiasi ina jina lingine. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusu vyeti vya unesi zaidi ya 7,600 vilivyouzwa na shule tatu za Florida bila mafunzo yaliyotakiwa. Waliovinunua walipoteza pesa, na bodi za majimbo zikaanza kuwafuata waliokwisha kupata leseni. Mtu akikuambia kuna mahali "hawasumbui", usiende.

Kwa ndugu aliyekuja Marekani akiwa tayari nesi wa diploma au shahada kutoka nyumbani, mjadala huu wote huenda haumhusu. Apeleke vyeti vyake vitathminiwe na TruMerit, shirika la kutathmini vyeti vya manesi waliosomea nje ambalo zamani liliitwa CGFNS, na aulize bodi ya jimbo lake kabla ya kulipa hata dola moja ya programu mpya. Anaweza kuwa anahitaji NCLEX, na pengine somo moja au mawili.

Limebaki jambo ambalo halimo kwenye fomu ya chuo chochote. Miezi 16 bila mshahara ni miezi 16 bila kutuma hela nyumbani, bila mchango wa harusi, bila kuwa wa kwanza kutoa kwenye msiba. Anayeingia bila kuwaambia wazazi na wadogo zake, akitumaini ataziba pengo kwa zamu za wikiendi, ndiye namhofia kuliko asiyejua biolojia. Atachukua zamu moja, kisha mbili, kisha atasinzia Jumatatu kwenye famakolojia. Waambie kabla, wapigie simu mmoja mmoja, taja mwezi utakaoanza tena kutuma. Kama kuna mtu nyumbani asiyeweza kuishi bila pesa yako, mzee wa dawa za kila mwezi au mtoto wa ada, basi jibu lako ni chuo cha jamii hata foleni ikiwa ndefu, na sioni aibu yoyote hapo. Kama mwenzako ana kipato kinachobeba nyumba na bima, na foleni ya karibu yako imevuka mwaka, ingia ya haraka.

Ambaye bado yuko njia panda ajiandikishe anatomia na fiziolojia, sehemu ya kwanza, madarasa ya jioni, chuo cha jamii, akiwa bado kazini. Somo hilo linatakiwa na njia zote mbili, na alama atakayopata huku akibeba zamu itamweleza mengi kuhusu atakavyokuwa bila zamu. Siku ya kujiandikisha aulize palepale dirishani foleni ya unesi inafunguliwa lini.